Asubuhi Uliyorudi Darasani

Baba,

Uliniambia mtu mwenye hasira asishike kalamu, ataharibu mwandiko. Nimeishika. Vumilia herufi zangu.

Siku tuliyokuzika, padri mkuu wa misioni alikuja kutoka Kasongo kwa motokari, akasimama kando ya udongo mbichi, akasema ualimu ni wito. Mungu alikuita, nawe ukaitika. Watu wakatikisa vichwa kukubali, Mama akazidi kulia. Mimi nilitaka kupiga kelele. Padri huyo huyo ulimpelekea habari kwamba kifua kinakubana na huwezi kulala, akajibu kwamba utapumzika likizo ikifika. Likizo haikukukuta.

Wito gani? Hakuna aliyekuita, Baba. Nilikuwapo.

Nilikuwapo baba mdogo Yosefu alipokuja kutoka Salamabila na kofia yake mpya, akakaa barazani, akala kuku wetu mpaka akalamba vidole. Akakuambia, "Kaka, kule kwenye dhahabu iko kazi ya ukarani. Muzungu anatafuta mutu wa kujua kuandika. Iko nyumba ya mabati, iko nyama, iko chumvi. Hapa uko na nini?"

Ukacheka. "Hapa niko na watoto."

"Watoto wa watu!"

"Mpaka wajue kusoma, ni wangu."

Mama akainuka akaingia jikoni, na nikasikia masufuria yakigongana. Alitaka ile nyumba ya mabati. Mimi pia niliitaka. Hukutuuliza.

Kisha ukaja msimu wa pamba. Ulikuwa unatufundisha hesabu za kutoa, nami nilikuwa nimebanana na wenzangu kwenye benchi, pale Kapita Lusangi, msimamizi wa pamba wa kijiji chetu, alipofika na polisi wa Serikali. "Mwalimu, toa watoto. Pamba inaharibika shambani."

Ukasimama mlangoni. "Niko nafundisha. Tukimaliza watakuja."

Akasema tena. Ukasema tena, kwa sauti ile ile uliyotumia kutusomea imla.

Wakakulaza chini, pale uwanjani, mbele ya darasa zima. Baba yangu, na shati lake jeupe. Lusangi akakushika miguu, polisi akakuchapa. Hukulia. Sisi ndio tuliolia, na tukaendelea kulia tukichuma pamba yao, na hakuna mwenzangu hata mmoja aliyeweza kunitazama usoni.

Kesho yake ukaoga, ukavaa shati lingine, ukaenda kupiga kengele. Lo, Baba, nilivyokuchukia asubuhi ile! Nilidhani huna haya. Njiani nikakuuliza kwa nini tusihamie Salamabila. Ulikuwa unatembea polepole, shati limekushika mgongoni palipochubuka. Ukaniambia, "Nikienda leo, hawa watoto watakumbuka siku zote kwamba mwalimu ni mutu wa kulazwa chini. Acha wanione nimesimama."

Hukumtaja Mungu. Hukutaja wito. Ndiyo maana pale kaburini niliuma midomo.

Sasa nikupe habari za tangu ulipotuacha. Watu wa misioni walimtoa Mama katika nyumba ya mwalimu kabla hatujamaliza matanga, yuko kwa kaka yake. Walimleta kijana wa Kasongo kushika nafasi yako. Hakumdanganya mtu, alisema wazi kwamba anangoja kazi ya ofisi, na mvua hazijakatika akapanda lori akaenda kwenye dhahabu. Simlaumu. Shule ikafungwa. Lusangi akaijaza pamba mpaka madirishani. Darasa lako, Baba! Ukuta ule uliokuwa ukiupaka chokaa kwa mikono yako.

Habari hiyo ilinikuta kwa masista wa Kasongo, nimemaliza mafunzo ya ualimu. Walitaka nibaki hapo nifundishe wasichana kushona. Nikaenda kwa padri mkuu, nikamwambia nataka kijiji chetu. Akatabasamu. "Mwanamke peke yake, kule? Utachoka. Ngoja, utaolewa."

Nikamjibu, "Padri, mulisema baba yangu aliitwa na Mungu. Yule aliyekimbia alitumwa na nani? Ni ninyi mulimtuma."

Akasema sawa, lakini darasa la watoto wadogo tu, na ni mpaka apatikane mwanamume.

Nilipofika na kumwambia Lusangi aondoe pamba yake, alinicheka. Kicheko hakikudumu. Akina mama ambao watoto wao walikaa kwenye mabenchi yako walikuja na vikapu, wakaitoa, wakaenda kuimwaga mbele ya nyumba yake. Alitukana kila mtu na mama yake, lakini neno la padri lilikuwa limemfikia. Hakugusa mtu.

Kisha, siku ya kufungua, unajua nani alikuja? Lusangi, amemshika binti yake mkono. "Mwalimu, mutoto wangu huyu." Aliniita mwalimu, Baba, huku akitazama chini. Mimi nilitazama mikono yake, ile iliyokushika miguu. Neno la kumfukuza lilikuwa tayari mdomoni. Yule mtoto akaniuliza, "Ni kweli humu mutu anajifunza kuandika jina lake?"

Nikamwingiza. Sikumsamehe baba yake, na sijui kama nitamsamehe. Lakini kabla ya kutoka, mtoto yule aliandika herufi yake ya kwanza kwenye kibao, imepinda kama jembe bovu, akainua uso kunitazama, nami nikajikuta nacheka kwa sauti. Papo hapo nikakukasirikia upya, kuliko siku zote. Nilikuwa nimeelewa ni nini kilichokushika hapa mpaka ukafa, na sikutaka kuelewa. Nilitaka kubaki na kosa lako, nilishike, nikulaumu nalo.

Pamba imeanza kupasuka mashambani. Watakuja. Nakuahidi, hakuna mtoto atakayetolewa darasani kwangu somo halijaisha. Nimewaambia akina mama, nao wamesema nikisimama mlangoni sitasimama peke yangu.

Pumzika, Baba. Naenda kupiga kengele.

Binti yako,
Anastazia