Namba za Chaki Nilizofuta

Baba Nekesa,

Sasa hivi tu mtoto wako amenichora viatu. Nimemkalisha hapa gereji kwenye kile kiti cha nyuma ulichokitoa kwa gari ukakiegemeza ukutani. Kuna baridi, nikamfunika na ovaroli yako. Akaingiza mkono mfukoni akatoa kipande cha chaki. Ameinama, akapiga laini moja kwa kiatu cha kulia, mbili kwa cha kushoto, halafu akakunja uso vile ulikuwa ukikunja kazi ikikubali.

Nimeshindwa kumgombeza. Nimechukua hii karatasi, kwa sababu kuna jambo tangu tukuzike sijakuambia, hata pale kaburini Bungoma sikukuambia.

Ni mimi nilifuta namba zako.

Unakumbuka vile ulipanga vyuma vya injini ya gari yako kwa ukuta wa nyumba, pale Kabiria, juu ya katoni? Tulikuwa tunaruka kama tunavuka mtaro ndio tufike kitandani. Mimi niliita hiyo gari mke mwenzangu, na wewe ukasema, "Lakini huyu mwenzako haombi ugali." Vile vifuniko vinne vinavyobana kranki, kile chuma kirefu kinachozunguka ndani ya injini, uliviandika kwa chaki, moja mpaka nne. Ukaniambia, "Hapa usiguse, Mama Nekesa. Hapa kila mtu ana kwao." Ulisema utavipiga nukta na patasi kesho yake, ziingie kwa chuma zisitoke. Leo chaki inatosha, ulisema.

Hiyo kesho tulikuwa hospitali.

Halafu wiki ya matanga watu wakaanza kuja. Ndugu zako walikuwa njiani, majirani wako mlangoni, na mimi sikujua nishike nini. Wewe unanijua. Kazi yangu ni kusafisha maofisi za watu. Nikiumwa na moyo mikono inatafuta kitambaa. Niliviosha vyote kwa mafuta ya taa, nikarudia na sabuni ya unga, nikavipangusa na taulo yako, nikaviweka kwa beseni moja na kuifunika. Viling'aa, Baba Nekesa. Hata nilisema moyoni, angeviona angefurahi.

Tuliporudi kutoka kuzika, Shikuku alikuja kuvichukua. Unamjua huyo fundi rafiki yako, yeye huongea hata na spana. Alifunua beseni, akageuza kifuniko kimoja kimoja akitafuta chaki. Akaniuliza, "Shemeji, nani ameosha hizi?" Nikasema ni mimi. Akakaa kwa kitanda. Mwishowe akasema, "Ziko safi sana."

Ni yeye alinieleza baadaye, polepole kama mtu anapeana habari ya msiba. Kwamba injini iliyotumika si kama mpya. Kila kifuniko kimezoeana na mahali pake miaka yote hiyo, na kwa macho vinafanana kama mapacha. Ukikiweka kwa mwenzake, ukikaza bolti, kranki inashikwa haizunguki. Nilimuuliza kama hawezi kukumbuka. Akasema aliyekuwa anajua ni mmoja.

Tumejaribu. Jumapili baada ya kanisa nakuja na mtoto, Shikuku anapanga, anakaza, halafu ananiita nizungushe kranki. Amekataa kuzungusha yeye. Anasema wewe ulikuwa unaniita mimi, ati mkono wangu ni mwepesi, unasikia mahali chuma kinakataa kabla fundi hajasikia. Kila mara inaanza vizuri, naona kama inakuja, halafu inasimama. Sijui nikuelezeje. Inasimama kama mtu amekumbuka kitu.

Tulipeleka injini hadi mjini kwa yule mzee wa mashine ya kuchonga vyuma, atuchongee upya. Aliipima, akasema hiki chuma kimechongwa mara nyingi mno, hakina nyama tena. Akaturudishia.

Mambo mengine yapo tu. Kazini nilibadilishiwa ghorofa ya kusafisha huko Upper Hill, sasa niko ya saba, na dirisha la mwisho linaangalia ile hospitali ulipolala mara ya mwisho. Hilo dirisha nalipangusa haraka. Nekesa ameacha kuuliza utarudi lini. Nilidhani nitashukuru akiacha, kumbe ile kuuliza ilikuwa afadhali.

Na gari, Baba Nekesa. Mwenye ploti hii ya gereji anajenga nyumba za kupangisha. Alituambia sisi wote, "Gari isiyotoka kwa magurudumu yake itatoka na lori la vyuma chakavu." Lori ndilo lile, limesimama hapo getini tangu asubuhi, dereva anakula mahindi. Shikuku ameniambia ukweli wake. Kranki ikizunguka leo, ataivuta gari na injini mpaka kwake Dagoretti, na ataimaliza hata kama ni miaka miwili. Ikikataa, tuiache iende. Amesema bolti zimechoka, hazitakubali kukazwa tena baada ya hii. Nimekubali.

Kile kinanisumbua usingizi ni honi. Ulisema siku utarudi nyumbani Bungoma na gari yako utapiga honi kuanzia sokoni mpaka kwa boma la mama yako, na Nekesa amekaa kwa mapaja yako ameshika usukani. Ulirudi kwa gari ya kukodi, tukaenda polepole, na hakuna mtu alipiga honi. Mama yako alikuwa amesimama pale pale uliposema atasimama akikungoja.

Sina tumaini kubwa, nisikudanganye. Shikuku naye hana, namuona vile anapangusa bolti moja dakika kumi. Lakini nimekuja na mikono imeoshwa, na nimevua pete ndio nisikie vizuri. Mimi bado niko hivyo, unaniona.

Nekesa amemaliza viatu, sasa anachora mlango wa gari. Huyu simfuti. Wacha iende na chaki yake.

Lala salama, mume wangu. Nisamehe ile beseni. Sikujua naosha nini, nilidhani nakuosha wewe

Shikuku ananiita. "Mama Nekesa! Nimekaza ya mwisho, kuja uzungushe!" Ngoja, ngoja nimalize hii moja. Nakuahidi, hata ikisimama tena, mimi na huyu mtoto tutapanda basi Desemba, na tukifika pale sokoni nitashuka, nimshike mkono, na kutoka hapo mpaka kwa mama yako tutapiga honi kwa midomo, mimi na