Darasa la Msimu wa Mpunga

Jumatano

Hata hasira zimeniisha. Wiki nzima nimewafundisha kidato cha pili kwamba kwa Kiingereza ukisema vitu ni vingi au vichache, basi na jina la kitu libebe wingi wake. Wiki nzima wameniandikia "many book".

Leo nikawaambia watunge sentensi kuhusu darasa letu. Zuhura akasimama: "Few students come to school."

Sahihi kabisa. Nikaiandika ubaoni, nikapiga makofi, yakavuma kama ndani ya nyumba iliyohamwa. Mpunga umetoa masuke, wazazi wamehamia madunguni, vile vibanda vyao vya juu huko bondeni, na watoto wamewafuata kwenda kuamia ndege, kuwafukuza wasile mpunga.

Baada ya kipindi Zuhura akanifuata mlangoni. "Mwalimu, kesho na mie naenda dunguni kwa bibi."

"Na mtihani je?"

"Mama kasema ndege hawangoji mtihani."

Nikamwambia achukue daftari akasome huko huko. Akacheka kwa adabu, kama anavyochekewa mgeni. Miaka yote hii niliyokaa Chumbi, na bado...

Sentensi yake sikuifuta ubaoni. Kesho itakuwa kweli zaidi.