Gari la Meneja Lilipoingia Kibokoni

Mjukuu wangu Salma,

Salamu nyingi kutoka Kibokoni. Sote hatujambo, bibi yako akusalimu, na goti lake sasa lamruhusu kupanda ngazi.

Waniuliza kwa nini mimi huyashangilia magari makuukuu ya Kimarekani yanayokodiwa harusini. Zamani hayakukodiwa. La fahari zaidi mjini lilikuwa la meneja wetu Mzungu, nami, karani wake mwoga, nililiachia njia nikiinamisha kichwa. Nilipooa, Vita vya Pili vya Dunia vilipokwisha tu, sijui nilipata wapi ujasiri wa kumwomba aniazime. Akakubali, lakini akaniambia: "Likikwaruzwa, huna kazi."

Nikaupima kwa futikamba uchochoro wa kwenda kwao bibi yako. Upana ulitosha, ila nilipima ukuta kwa ukuta, nikazisahau baraza za mawe zilizotokeza mbele ya nyumba. Kwenye kona gari likakwama, nami nimo ndani na joho langu, namsihi dereva asilisogeze tena.

Shangazi yangu akapaza sauti dirishani: "Bwana harusi gani huyu, aogopa baraza!" Kisha akawageukia wapagazi wa bandarini, vijana wa mtaa wetu: "Na nyinyi mwatazama nini? Magunia mwabeba, gari litawashinda?"

Wakacheka, wakapanda juu ya baraza, wakaliinua nyuma na mimi ndani, wakaligeuza polepole hadi likaelekea mlangoni kwa bibi yako. Vigelegele vilinitoa machozi.

Kesho yake meneja alilizunguka mara mbili, asione hata alama.

"Ulilipitishaje?"

Kwa mara ya kwanza nikamtazama usoni. "Lilibebwa, bwana, na mtaa wangu."

Akuombeaye heri daima,
Babu yako