Kidonge cha Baada ya Isha

Chang'ombe, Dodoma
3 Agosti 1997

Mwanangu Sabiha,

Salamu nyingi. Hujambo na baridi ya huko Uingereza? Sisi wazima wa kujikongoja. Anayeandika ni Mwalimu Brightness, mpangaji wetu. Nimemwambia asinitengenezee maneno.

Tangu trakoma imalize jicho la pili, usingizi umenikimbia. Wiki mbili nalala usiku kama watu, kisha unasogea, unasogea, mpaka nalala mchana na usiku niko macho, na macho yenyewe sina. Nifanyeje? Nafagia uwanja.

Jirani Halfani alizika mtoto mwezi wa sita. Sasa anauliza watu ninafagia nini usiku wa manane. Juzi wametupa mawe juu ya bati. Wewe unayesomea usingizi, niambie: nimerogwa, au mimi ndiye mchawi?

Mama yako


Leeds, 1 Septemba 1997

Mama mpenzi,

Shikamoo. Mwili mzima, moyo uko Chang'ombe. Barua yako nimeisoma nimesimama.

Hujarogwa, na hilo neno la pili usilitamke hata kwa utani. Kila mwili una saa yake ndani, na kwa wengi saa hiyo huchelewa kidogo kila siku. Mwanga ukiingia machoni ndio unaoirekebisha. Macho yako hayaupokei tena, basi saa inazidi kuchelewa. Giza likiingia, ubongo hutoa kitu kiitwacho melatonini, kuuambia mwili kuwa usiku umefika. Ndicho ninachokichunguza hapa, kwa vipofu wa Kiingereza wenye malalamiko kama yako.

Mwenzangu Wambura anarudi Dodoma, nimempa vidonge vya melatonini hiyo. Mwonyeshe daktari kwanza, kisha umeze kimoja kila siku baada ya Isha. Na tafadhali, usitoke nje usiku.

Mwanao Sabiha


Chang'ombe, 8 Januari 1998

Mwanangu,

Ramadhani njema. Mvua hizi zimekata reli, sijui barua itapita wapi.

Vidonge vyako vilinirudisha kwa watu. Kufikia Desemba nalala usiku kucha, na mke wa Halfani ananisalimia tena. Mfungo ulipoingia nikahamishia kidonge kwenye daku, kama tunavyohamisha dawa zote. Sasa mambo yamevurugika upya. Mchana naanguka, usiku chumba kinanikaba, natoka nafagia.

Mtoto wa pili wa Halfani ana homa, maskini. Mwombee.

Mama yako

Dada Sabiha, hapa ni mimi Brightness. Mama hajui naandika. Jana Halfani aliniambia uso kwa uso kwamba wakimkuta nje usiku tena, hawataulizana. Mama anacheka tu. Nimeanza kufunga geti kwa kufuli. Jibu upesi.


Leeds, 17 Januari 1998

Mama,

Shikamoo. Leo sina salamu ndefu. Acha kidonge cha daku! Ukikimeza alfajiri, mwili unadhani usiku ndiyo kwanza unaingia. Niliandika "kila siku" nikasahau kukuonya kuwa hata kwenye mfungo kisihamishwe. Mimi, mtoto wa Chang'ombe!

Rudi kwenye Isha leo hii. Itachukua wiki kadhaa mwili kutulia. Mpaka hapo, ukiwa macho, kaa ndani. Nakuomba kwa jina la marehemu baba, usifagie.

Mwanao


Leeds, 20 Februari 1998

Mama, shikamoo. Sijapata jibu. Brightness, niandikie chochote, hata mstari mmoja.

Sabiha


Chang'ombe, 9 Machi 1998

Mwanangu Sabiha,

Usilie, ni mimi. Barua yako ilichelewa sana kunifikia kwa ajili ya mafuriko.

Mtoto wa Halfani alifariki baada ya Idi. Usiku uleule walikuja wanaume, wakavunja kufuli, wakaingia mpaka chumbani kwangu. Brightness amewasimulia watu wote jinsi walivyonikuta nimelala fofofo, nakoroma, wakanimulika tochi usoni nisishtuke. Halfani akasema, "Bibi wa watu kalala." Wakaondoka. Asubuhi nilikwenda kumpa pole. Akalia, nikalia naye.

Sasa andika na hili, Mwalimu. Sikuwa nimelala. Mfungo ulipokwisha nilikuwa nimekirudisha kidonge kwenye Isha, lakini dawa ilikuwa bado haijanishika. Nilisikia kufuli likivunjika, nikajilaza, nikaanza kukoroma. Mwenye macho angekunja uso kwa ile tochi. Mimi sikujua hata kama imewashwa.

Brightness ameweka kalamu chini, ananishika mkono. Nimemwambia amalizie.

Siku hizi nalala vizuri, ila kila jioni naogopa usingizi usije ukakosekana. Vidonge vinakaribia kwisha. Tuma vingine mapema, mwanangu.

Mama yako