Nilimwambia Kirui Mama Yuko Sawa

Jumatano, Silibwet. Mvua haijakatika tangu asubuhi na hii ni siku ya tatu majani ya chai hayajachumwa. Nani atachuma? Mama yuko mochari.

Leo nimempigia simu Kirui, kitindamimba wetu. Anafanya kazi Ghuba, huko Uarabuni, kwenye kituo cha kuzalisha umeme kwa gesi. Jiji zima linategemea kituo hicho, na joto la huko likipanda kila nyumba ikawasha kiyoyozi, hawapati hata nafasi ya kukaa chini.

Mama hakuwahi kuielewa kazi hiyo. Gesi aliyoijua ni ule mtungi niliomnunulia, akauogopa, akaupeleka nyuma ya zizi na kurudi kwenye kuni zake. Alipoanza kuugua mwezi wa pili, alinishika mkono akaniambia, "Chebet, Kirui asijue. Akianza kufikiria mimi, atasahau kufunga gesi, wachomeke wote."

Nilicheka. Halafu nikatii.

Ningeweza kumweleza kwamba kule kuna mitambo na wataalamu wengi, kwamba hakuna mtu mmoja anayeshika kiberiti. Sikumweleza. Kusema kweli, ilinifaa. Kirui angeniuliza daktari amesema nini, nami sikutaka kulisikia jibu likitoka kinywani mwangu. Kwa hiyo kila Jumapili nilimwambia Kirui kwamba Mama ameenda kanisani, Mama yuko kwa majirani, Mama amelala kidogo. Siku moja nilimshikia Mama simu sikioni, akajikaza akamsalimia Kirui vizuri kabisa, na mimi mjinga nikampongeza.

Leo nimesema yote kwa pumzi moja. Nilitarajia alie, au anitukane.  Badala yake akauliza polepole, "Ulijua tangu lini?"

Nikamwambia tangu mwezi wa pili.

"Mwezi wa nne nilikuwa na likizo. Kuna jamaa wa hapa mamake alikuwa mgonjwa, nikamwachia hiyo nafasi aende. Nilimwambia wangu ako sawa."

Hakukata simu. Mimi ndiye niliyekata.

Anafika Ijumaa, tunazika Jumamosi. Mchana kutwa nimekuwa nikitafuta neno la kumpokea nalo, na ninalopata ni moja tu: Mama ndiye aliyenikataza. Ni kweli alinikataza. Lakini nikimwambia hivyo nikaishia hapo, si nitakuwa nimemdanganya tena?