Sato Kabla ya Kura

Jumanne, 5 Mei
Nimefagia, nimelisha kuku. Goti linauma. Nyabwire kapiga simu kutoka chuoni Butiama. Jumamosi klabu yao ya chesi inachagua viongozi, na mjukuu wangu anagombea uenyekiti. Mwenyekiti aliyepita alikuwaga anafungia vibao vya kuchezea chumbani kwake. Akisafiri, hakuna mchezo. Mkutano hakuitisha hata mmoja. Nyabwire anataka vibao vikae maktaba, mabinti nao wacheze, na wanachama wakutane kila muhula. Mpinzani ni Magesa, bingwa wao. Eti mwenyekiti awe yule anayewashinda wote. Upuuzi. Fahali mwenye pembe kubwa ndiye anayejua malisho?

Alhamisi, 7 Mei
Nimeamua, naenda kwenye kura yao. Kwetu hatuamuagi jambo na njaa. Hata kikao cha mahari, watu wanakula kwanza. Sato nimeagiza sokoni. Nyabwire sijamwambia. Atafurahi.

Jumamosi, 9 Mei
Leo herufi zangu za ngumbaru zinapanda mlima.
Nilifika na sufuria, ugali nimeufunga kwenye kitenge. Vijana wamekonda! Nikawapakulia wote kabla ya kikao. Magesa alinipokea mzigo, ana adabu, nikampa kichwa cha samaki. Wakala. Wakapiga kura. Nyabwire kashinda. Nikapiga vigelegele.
Magesa akasimama. "Hii ni takrima! Bibi wa mgombea kalisha wapiga kura!"
Nikamwambia, "Baba, mbona mfupa bado umo mkononi?"
Walicheka. Nyabwire hakucheka. Katiba yao inakataza mgombea kuwapa wapiga kura kitu chochote. Ikithibitika, anaondolewa, na hagombei tena. Kamati ya uchaguzi itaamua Jumatatu.
Sikujua. Hakunisindikiza kituoni. Hajawahi kuniacha hivyo.

Jumapili, 10 Mei
Kanisani sikuimba. Nimemharibia mtoto. Nilitaka kumtukana Magesa, nikaacha. Kasema kweli, chakula ni changu.
Nikampigia mwalimu aliye mlezi wa klabu. Nikamwambia mwenye kosa mimi, mtoto hakujua. Akasema kamati haiamui kwa simu za mabibi, nije kikaoni niseme mbele ya wote. Nimempenda. Ana msimamo.

Jumatatu, 11 Mei
Nimesema. Waliuliza kama Nyabwire alijua. Hakujua. Je, niliwaambia wamchague nani? Hapana, niliwaambia watafune taratibu, sato ana miiba. Wakamgeukia Magesa: na wewe ulikula? Akainama. "Nilikula. Na kichwa."
Halafu yule mtoto akanishangaza. Akasema hataki Nyabwire aondolewe, anataka kura irudiwe bila harufu ya samaki. Kamati ikakubali. Matokeo yamefutwa, mgombea anabaki. Ijumaa wanarudia.
Nimekaa kwenye ngazi nikalia. Mzigo umeshuka. Nyabwire akaja akakaa pembeni yangu. Inatosha.

Ijumaa, 15 Mei
Sijatoka nyumbani. Nimejifungia mwenyewe. Jikoni sijawasha moto hadi mchana, naogopa hata moshi wangu utahesabiwa kampeni.
Nyabwire kapiga simu. Kashinda! Kwa kura chache kuliko mara ile, lakini hizi hazina mchuzi. Magesa wamempa kufundisha wanaoanza chesi, na mabinti ndio wa kwanza. Kazi inamfaa. Halafu wakaongeza kifungu kwenye katiba: chakula chochote cha ndugu wa mgombea kije baada ya matokeo kutangazwa. Sijakanyaga darasa la watoto, leo nina kifungu. Nimecheka peke yangu mpaka kuku wakakimbia. Asante Mungu.

Jumapili, 17 Mei
Nyabwire na wenzake wa klabu wamekuja hapa Manyamanyama baada ya misa. Vibao mkekani. Magesa kanionyesha farasi anavyoruka. Nikapakua. Akashika sahani, hakula kwanza.
"Bibi, matokeo yameshatangazwa?"
"Yametangazwa, baba. Kula."
Kichwa nimempa tena.
Jioni nimewasindikiza kituoni. Nyabwire kanishika mkono njia nzima. Goti liliuma. Sikusema.