Sufuria ya Isyo Iliyokwenda Mambrui

Kisumu Ndogo, Malindi
Jumapili jioni

Kwa dada yangu Mwende,

Huku pwani nimefundishwa kwamba mdogo hamwendei mkubwa mikono mitupu, kwa hiyo pokea shikamoo yangu kwanza, hata kama utacheka. Hujambo? Mama na mguu wake wanaendeleaje? Shemeji je, na watoto? Mvua imewafikia huko Mwala au bado mnatazama mawingu tu? Mimi ni mzima. Hapa mvua inamwagika kila siku, na ikipiga mabati ya chumba changu hata redio siisikii, lakini mwili hauna neno na kazi ya useremala ipo. Wiki iliyopita tulimaliza vitanda vya hoteli moja ya Wataliano, vipana ajabu. Kimoja tu kingejaza nyumba ya Mama.

Barua yako niliipata, na ile sindano uliyonichoma niliisikia vizuri. Unasema umeambiwa kwamba ndugu yako ameoa mpira, na kwamba ndiyo sababu sikuonekana Pasaka. Dada, sikatai. Ila aliyekuletea habari hizo hakukumalizia, kwa hiyo kaa chini, umwambie shemeji aangalie mtoto, nikueleze mwenyewe.

Timu yetu inaitwa Radi. Usidhani ni timu ya kutangazwa redioni. Ni ligi ya wilaya, daraja la chini kabisa, chini yake ni mchanga. Wachezaji ni waashi, makuli, wapishi wa mahoteli, wengi wa bara kama mimi na wachache wa hapa hapa. Mwenyekiti ni Mzee Odhiambo, fundi viatu, mtu wa Siaya. Nilipofika Malindi na begi moja, sijui mtu, ni yeye aliyeniona nimesimama kando ya uwanja akaniambia, "Wewe mrefu, hebu tundika hiyo wavu." Tangu siku hiyo nimekuwa na mahali pa kula Jumapili. Nilipougua malaria, ni watu wa Radi walionibeba hadi hospitali na kunifulia nguo. Milango ya magoli yetu niliichonga kwa mikono yangu. Nakuambia haya ili ujue kwamba Radi ikifa, huku mimi nabaki na randa na misumeno basi.

Na ilikuwa inakufa. Mfadhili wetu, mwenye lori la mizigo, alihamia Mombasa mwanzo wa mwaka na mfuko wake akaenda nao. Tukabaki na mpira mmoja ambao Mzee Odhiambo ameushona mara nyingi hata ukipigwa unaenda unakotaka wenyewe. Jezi zikawa za kuazima. Ada ya waamuzi hatukulipa tangu mzunguko wa kwanza uanze. Katibu wa ligi, mtu mkavu mwenye miwani, alituvumilia mpaka akachoka, akatwambia: Jumatatu asubuhi, ama ada iwe mezani pake, ama Radi ifutwe. Jumatatu hiyo ni kesho.

Sasa njoo kwenye ujinga wangu. Jana Jumamosi tulikuwa na mechi Mambrui. Mambrui wanapenda mpira kupita kiasi, kijiji kizima hutoka. Katika mkutano nikasimama nikasema: kwa nini tusiwapikie? Watu wengi vile, saa mbili za kupiga kelele, njaa lazima. Tupike isyo, mahindi na maharagwe yetu ya Ukambani, tuuze uwanjani, tulipe ada. Wote wakapiga makofi. Kila mtu akaleta alichonacho, mahindi huyu, maharagwe yule, vitunguu, viazi. Kanisa likatuazima sufuria ya harusi, ile ambayo wewe ungeweza kuogea. Nilipika tangu alfajiri kama ulivyonifundisha, maharagwe hayakuvunjika hata moja. Ungekuwepo ungenisifu, na wewe si mwepesi wa kusifu.

Kuhusu Ramadhani, tulijua iko karibu. Lakini ukutani kwangu nina kalenda ya duka la mbao, na kalenda inasema Ramadhani ni Jumapili. Niliiamini kama ninavyoiamini futi yangu. Hata asubuhi nilipoona jirani yangu wa chai hajafungua kibanda, nilimhurumia nikidhani anaumwa.

Tulipata lifti ya lori la mchanga. Lori lilisimama mjini kumchukua Athumani, kipa wetu, mzaliwa wa hapa. Akapanda, akaona sufuria, akainua kifuniko, akakirudisha polepole.

"Musyoka," akasema, "hiki chakula ni cha nani?"

"Cha kuwauzia Mambrui."

"Mwezi umeandama jana, ndugu yangu. Leo ni mosi. Mambrui nzima imefunga. Mimi mwenyewe nimefunga."

Dada, lori lilikuwa limeshatoka mjini. Nilimtazama Mzee Odhiambo, yeye akatazama mto Sabaki, umejaa maji mekundu hadi karibu na daraja. Nilitamani anitukane. Badala yake akasema tu, "Sasa hii chakula yote tutapeleka wapi?" Nilijua mahindi yale na maharagwe yale yalikuwa akiba ya mwisho ya nyumba nyingine, na mwenye wazo ni mimi.

Mambrui kulikuwa kimya. Tulishusha sufuria nyuma ya ukuta kando ya uwanja, nikaifunika magunia matatu, maana kumpelekea mtu aliyefunga harufu ya chakula ni kumtusi. Nikakaa juu ya jiwe kuilinda, kama mtu aliyeiba ng'ombe hajui pa kumficha. Timu zikaanza kupasha misuli moto. Hapo akaja mama mmoja mnene, amejifunga leso, amebeba meza ndogo kichwani. Alikuwa anawahi mahali pake pa kuuzia kaimati, vile vimaandazi vya shira, wakati wa kufuturu. Huyu ni Bi Zuhura, na mwanawe Swaleh ndiye nahodha wa Mambrui, ingawa hayo niliyajua baadaye.

"Hapo unaficha nini, mwanangu?"

Nikamwamkia, nikamwomba radhi, nikamweleza yote, kalenda na ada na kufutwa. Nilidhani atanifukuza. Akaondoa magunia, akafunua, akachungulia.

"Hii haina nazi?"

"Haina, mama."

"Haina bizari, haina pilipili. Kwani nyote huko kwenu ni wagonjwa?"

Nikasema sisi isyo tunakula hivyo hivyo na tuna afya. Akanitazama juu mpaka chini, akasema, "Watu wangu hawatafuturu kwa mahindi ya maji. Lakini mahindi yenyewe yameiva vizuri, hilo sikunyimi. Inuka! Waite wenzio wasiocheza."

Wacha nikwambie tulivyofanyishwa kazi. Akaagiza nazi gunia zima kwa jina lake. Akaleta mbuzi tatu za kukunia nazi, vile vibao vyenye meno ya chuma mbele, mtu anakaa juu yake. Mzee Odhiambo na makuli wawili wenye vifua kama milango wakaketishwa juu ya mbuzi, wanakuna nazi, na wasichana wa Mambrui wanapita wanacheka hadi wanashikana. Mzee Odhiambo alikwaruza kidole mara mbili akasema viatu vina adabu zaidi. Tui likachujwa, likamiminwa, moto ukawashwa upya, bizari ikaingia. Isyo yetu ikageuka rangi, dada, na harufu yake siwezi kukuandikia.

Kisha ikaja shida ya chumvi. Bi Zuhura amefunga, hataki kuonja. Akageuka kwangu: "Wewe si hufungi? Fungua mdomo." Nikaonja, nikasema bado kidogo. Akaongeza. Nikasema sasa. Akaniuliza kama nina hakika, maana kijiji kizima kitakula kwa ulimi wangu. Basi kumbe jirani yake amesikia. Akaleta bakuli la mchuzi wa samaki: mwonjeshe na huu. Akaja mwingine na mbaazi. Mwingine na tambi. Kabla mechi haijafika nusu nilikuwa nimezungukwa na wanawake na mabakuli, kila mmoja ananingoja nitoe hukumu, na mimi natoa. Mmoja nilimwambia mchuzi wake umezidi chumvi, akaniambia ulimi wangu una kutu, wenzake wakamcheka.

Kwa sababu hiyo mechi sikuiona. Nilisikia tu kelele nyuma ya ukuta. Tulifungwa mbili kwa moja. Wanasema Athumani aliokoa penalti na njaa yake, wanasema ilikuwa ya kuonwa. Mimi wakati huo nilikuwa nahukumu tambi.

Mpira ulipokwisha, Bi Zuhura akasimama juu ya meza yake akapaza sauti kwamba mahindi ya nazi ya wageni yako tayari, mwenye bakuli alete bakuli, na pesa ashike mkononi. Walikuja. Mungu ni shahidi yangu, walikuja mpaka wakasukumana. Sufuria ilikwisha kabla adhana haijalia, tukabakiza ya wachezaji tu. Nilimshukuru Bi Zuhura, machozi yakanitoka, sikuona haya. Nikamuuliza tumpe nini.

"Mnilipe nazi zangu na bizari yangu. Sikutoa sadaka, nimefanya biashara." Halafu akasema kwa sauti ya chini, "Na nyinyi mkifutwa, mwanangu atacheza na nani? Timu zenyewe zimebaki ngapi?"

Adhana ilipolia tuliketi wote mkekani, Mambrui na Radi, tukapewa tende na uji. Wenzangu walikula kama watu waliofunga mwezi mzima. Mimi nilishiba tangu saa kumi na moja, sikuweza kuingiza hata tende ya pili, na kila nikikataa Mzee Odhiambo anawaambia watu, "Huyu ndiye alifunga kwa kalenda." Sijui lini nilicheka vile.

Sasa naiacha barua hapa bila kuifunga. Ada imetimia. Lakini katibu nilikwambia ni mtu mkavu, na moyo wangu hautatulia mpaka nione. Kesho nitakumalizia.

Jumatatu

Dada, tumetoka kwa katibu sasa hivi, mimi na Mzee Odhiambo. Asubuhi mapema mvua ilikuwa inapiga, tukafika tumelowa. Mezani pake kulikuwa na karatasi ya ligi. Nililiona jina letu kabla hajasema neno. Limepigwa mstari mwekundu, umenyooka, wa rula. Alikuwa ameshatufuta tangu Ijumaa, tarehe imeandikwa kando, na sisi Jumamosi tukacheza bila kujua. Hakutungoja.

Mzee Odhiambo hakugombana. Aliweka bahasha mezani, akavua kofia yake yenye maji, akasimama. Katibu akasema, "Nilichokifuta nimekifuta." Hapo ndipo nikaona kwamba kwenye benchi la pembeni ameketi mtu, amelowa kutuzidi sisi, suruali ina matope hadi magotini, na baiskeli yake imeegemezwa mlangoni. Alikuwa Swaleh, nahodha wa Mambrui. Ametoka kwao baada ya daku, njia yote ile kwa baiskeli, na ana saumu.

"Huyu amekaa hapa tangu sijafungua mlango," katibu akasema. "Nimemwambia aende, haendi."

Swaleh akainuka. "Bwana katibu, nimeshakwambia. Mama kasema nisirudi nyumbani mpaka nione jina la hawa kwenye karatasi. Na mama yangu wamjua."

Katibu alivua miwani akaifuta muda mrefu. Kisha akachukua kalamu, na chini kabisa ya karatasi, chini ya timu zote, akaandika Radi. Mzee Odhiambo alilisoma kwa sauti, akalisoma tena. Tulipotoka nje nikamshika Swaleh mkono, nikamwambia ahsante. Akapanda baiskeli yake, akasema, "Mzunguko wa pili tutawafunga nne," akaenda na mvua yake.

Basi ndiyo habari. Mwisho wa mwezi Kombe la Dunia linaanza huko Meksiko, Mzee Odhiambo ameshanunua betri za redio, lakini mimi akili yangu iko kwenye karatasi ile.

Nisalimie Mama, umwambie dawa ya mguu nitaituma na mtu anayepanda basi Ijumaa. Msalimie shemeji, mwalimu wetu wa mpira wa zamani, yeye atanielewa kuliko wewe. Msalimie mjomba wa kinu cha unga, na shangazi wa pale mtoni, na huyo binamu aliyepeleka umbea, mwambie alipeleka nusu. Nitakuja Agosti ligi ikisimama, na nitakupikia isyo yako kwa nazi. Utanuna siku ya kwanza tu.

Ni mimi mdogo wako, fundi mbao na mwonja chumvi wa Mambrui,

Musyoka